Nani Aliyechota Maji Tulipokuwa Tukisoma?

Mwaka wa masomo umekwisha. Mitihani ya sesio imepita, walimu wa chuo wamekaa na kupima alama, majina yamesomwa hadharani. Waliofaulu wamemwagiwa poda nyeupe kichwani na rafiki zao, kama ilivyo desturi yetu ya Kongo, wakapita njiani wakiimba. Wengine wameambiwa warudi sesio ya pili, wakaondoka kimya kwa njia ya nyuma. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa miongoni mwa waliomwagiwa poda. Twashukuru. Lakini leo hatutaki kusema habari za kufaulu. Twataka kusema habari za siku ile inayofuata, maana watu huisema kidogo, na sisi tumeona kwamba ndani yake limo swali zito.

Siku ile inayofuata, mwanafunzi huamka jua likiwa juu. Kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi hana silabusi ya kukariri. Anatazama chumba chake, na tazama: nguo zimelundikana pembeni, viatu vimepasuka, bawaba ya mlango imevunjika tangu zamani wala hakuna aliyeitengeneza, simu imejaa ujumbe wa watu ambao hawakujibiwa. Shangazi aliomba aje kumwona, hakwenda. Rafiki alioa, hakufika. Jirani alifiwa, hakuketi katika kilio. Yote hayo aliyaahirisha kwa neno moja tu: "Nikimaliza mitihani." Sasa mitihani imekwisha, na mambo yote yamesimama mlangoni siku moja, kama wadai waliosikia kwamba tajiri amerudi safari.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Mtu akimaliza kazi kubwa, ana deni gani kwa mambo madogo aliyoyaacha? Na deni hilo ni la nani?

Uzito wa mwaka

Kwanza tuseme haki: mwaka wa chuo ni mzito kweli, wala hatupendi maneno ya wale wasemao kwamba vijana wa leo wanalialia bure. Goma ni mji wa wanafunzi. Kuna Chuo Kikuu cha Goma, cha serikali, kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Kuna ULPGL, chuo cha ndugu zetu Waprotestanti. Kuna vyuo vya biashara, vya uganga, vya maendeleo ya vijiji. Kila asubuhi vijana hupanda pikipiki au huenda kwa miguu katika vumbi jeusi, na wengi wao hawajui kama mwezi utakapokwisha watakuwa na fedha ya kulipa chuo. Asiyelipa haruhusiwi kuingia mtihani. Basi mwanafunzi ana mitihani miwili: mmoja wa masomo, na mwingine wa mfuko.

Tena kuna mambo ya nchi. Waliokuwa chuoni Goma mwaka 2025 hawatausahau. Mwishoni mwa Januari mapigano yaliingia mjini, M23 wakautwaa mji, masomo yakasimama. Uwanja wa ndege ulifungwa, na mabenki yalifunga milango kwa miezi mingi, hata mzazi mwenye akiba hakuweza kuitoa. Masomo yalipoanza tena, wanafunzi walirudi madarasani wengine wakiwa wamefiwa, na wengine viti vyao vilibaki vitupu. Mtu aliyesoma katika hali hiyo na kufika mwisho, haifai aulizwe maswali kama mtoto mvivu.

Twasema hayo ili msomaji asidhani tunataka kumhukumu mwanafunzi. Lakini ugumu wa kazi haufuti swali letu. Pengine wauzidisha. Maana kazi ikiwa nzito sana kwa mtu mmoja, na bado imefika mwisho, ni lazima yuko mtu mwingine aliyeshika ncha ya pili ya mzigo.

Hesabu ya bidoni

Sisi tu ndugu wawili wa nyumba moja, wenyeji wa mtaa wa Mapendo. Nyumba yetu ni ya mbao, na uani ni mawe ya volkano. Mama yetu ni mjane. Huuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Nyuma yetu yuko mdogo wetu wa kike, mwenye miaka 12.

Asiyejua Goma huona ajabu akiambiwa kwamba mji ulio kando ya ziwa kubwa una shida ya maji. Sababu yake ni hii. Mji umejengwa juu ya mawe yaliyotoka katika mlima Nyiragongo. Mawe hayo yana matundu; mvua ikinyesha, maji huzama mara moja, na hakuna mto unaopita katikati ya mji. Maji ya kutumia yatoka ziwani, nayo hupandishwa kwa mashine. Mashine zikisimama, mabomba hukauka, na watu hubeba bidoni za manjano kuyatafuta: wengine kwenye bomba la mtaa mwingine, wengine ziwani kabisa. Mwenye chukudu hupakia bidoni nyingi. Asiye na chukudu hutumia kichwa na mgongo.

Zamani tulikuwa tukichota sisi wenyewe. Mwaka huu tulimwambia mama kwamba hatuna nafasi. Mama hakubisha. Wala hakuna mtu aliyeamua kwamba mdogo wetu ndiye atakayechota; ilitokea tu. Bidoni ilikuwa tupu, sisi tulikuwa tumeinamia madaftari, naye akaichukua. Kesho yake akaichukua tena. Mwisho ikawa kazi yake.

Juzi, siku ya pili baada ya kusomwa kwa majina, tulikwenda kuchota maji, kwa kuwa hatukuwa na jambo la kufanya. Tulikuwa tumesahau uzito wa bidoni. Njiani tulipumzika mara mbili. Ndipo mmoja wetu, ambaye husoma mambo ya uchumi na amezoea hesabu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Bidoni moja ni lita 20, ndiyo kilo 20. Nyumba yetu hutumia bidoni tatu kwa siku, ndiyo kilo 60. Tangu tulipoanza kujitayarisha mpaka mwisho wa sesio zilipita siku kama 100. Basi mtoto wa miaka 12 alibeba kilo 6,000, yaani tani sita.

Tulinyamaza. Katika siku hizo 100 hatukujua kwamba maji yanachotwa. Tulijua tu kwamba maji yapo.

Na hesabu haikuishia hapo. Mdogo wetu naye alikuwa na mtihani mwaka huu, ule wa taifa wa kumaliza darasa la sita. Alipita, lakini kwa alama chache. Somo la hesabu ndilo lililomwangusha. Shule ya sekondari aliyoitamani haikumpokea. Habari hizo tulizisikia katikati ya sesio yetu, tukasema, "Pole, mwaka ujao utajitahidi," kisha tukarudi katika madaftari. Alama zetu ziliandikwa katika karatasi moja, na zake katika karatasi nyingine. Hakuna mtu aliyeziweka karatasi hizo mbili mezani pamoja. Leo tumeziweka, na twaona kwamba sehemu ya alama zetu ilitoka katika karatasi yake.

Maana ya kredi

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mpango uitwao LMD. Zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya gradua na miaka miwili ya lisansi. Sasa lisansi yenyewe ni miaka mitatu, na kila mwaka una kredi 60. Kredi moja huhesabu saa anazokaa mwanafunzi mbele ya mwalimu, pamoja na saa anazosoma peke yake. Ni hesabu nzuri, kwa sababu imetambua kwamba elimu haitoki kwa mwalimu tu.

Lakini neno kredi ni la namna gani? Asili yake ni Kilatini, nalo lina maana ya kuamini. Muuza duka anayekupa unga leo ili ulipe mwisho wa mwezi, anakupa kredi, yaani anakuamini. Basi twaweza kusema kwamba mwanafunzi aliyepata kredi 60 amepata pia kredi nyingine ambazo chuo hakizijui. Mama alimwamini kwa fedha ya sambaza. Rafiki wa likelemba walimpa mama zamu yao ya kupokea ili ada ilipwe kwa wakati. Jirani alizima redio usiku. Mdogo wake alichota maji. Hao wote walimkopesha, wala hakuna hata mmoja aliyeandika katika daftari.

Hapa mtu atasema: "Mnakosea. Katika jamaa hakuna mkopo. Mama hamkopeshi mwanawe, humpa. Mkianza kuhesabu bidoni, mmeua mapendo." Neno hili ni la kweli kwa nusu, na nusu hiyo tuiheshimu. Mtaa wetu waitwa Mapendo, na katika katekisimu tulifundishwa fadhila tatu: imani, matumaini na mapendo, na ya kuwa iliyo kubwa ni hiyo ya mwisho. Mapendo hayashiki kalamu. Mama ambaye kila jioni angesema, "Nimekulipia hiki, nimekulipia kile," angeharibu zawadi yake mwenyewe.

Lakini tuangalie vema ni nani asiyepaswa kuhesabu. Ni yule anayetoa. Je, na anayepokea, naye asihesabu? Hapo ndipo kosa letu lilipo. Tumelichukua neno zuri lililo la mtoaji, tukalifanya mto wa kulalia sisi wapokeaji. Sisi twasema hivi: anayetoa kwa mapendo asihesabu; anayepokea ahesabu. Ahesabu si kwa ajili ya kulipa senti kwa senti, maana hataweza. Ahesabu ili ajue. Asiyejua amepokea nini hawezi kushukuru; atasema asante kama mtu anayejibu salamu.

"Tutalipa tukipata kazi"

Kuna jibu lingine ambalo wanafunzi tunalipenda sana, nasi tumelitumia mara nyingi. Twasema: "Twasoma kwa ajili ya jamaa. Tukipata kazi tutalipa yote. Tutamjengea mama nyumba ya matofali, tutamlipia mdogo wetu shule nzuri." Maneno hayo si uongo. Wako waliofanya hivyo, na Mungu awabariki.

Lakini ahadi ni deni, na deni lisilo na tarehe ni deni hatari. Kwanza, kazi yenyewe i wapi? Kila msomaji wa Goma anamjua kijana mwenye lisansi anayeendesha pikipiki ya watu. Pili, mahitaji mengine hayangoji. Mtoto wa miaka 12 anahitaji msaada wa hesabu sasa. Miaka kumi ijayo atakuwa mtu mzima, na fedha yetu haitamrudisha darasa la sita. Tatu, na hili ndilo kubwa, mazoea hayakai pembeni yakingoja. Mtu aliyezoea miaka mitano kukuta maji yapo, chakula kipo, shati limepigwa pasi, wala asiulize nani amefanya, huyo anajifunza somo ambalo halimo katika silabusi. Anajifunza kutumikiwa. Siku atakapopewa ofisi, ataingia nayo mazoea yale. Atawaona raia wanaongoja mlangoni kama alivyoiona bidoni: kitu kilichopo tu.

Tunacho kielelezo hapa hapa mjini. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria hapa Goma. Alipokuwa mwanafunzi hakusema kwamba atawakumbuka maskini akiisha kupata kazi. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwafundisha watoto wa njiani, wale ambao mji huwaita maibobo. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 aliletewa rushwa ili akiruhusu chakula kilichooza kiingie sokoni, akakataa. Na Julai mwaka huo akauawa, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Watu wanakumbuka kifo chake, nao wafanya vema. Sisi twapenda kukumbuka pia miaka iliyotangulia. Chakula kile kingeliwa na watoto kama wale aliowafundisha. Huenda asingewaona katika magunia yale kama asingezoea kuwatazama usoni wakati wa chuo.

Mambo yasiyongoja

Sasa tuseme jambo gumu zaidi. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini pia walisema maji yakimwagika hayazoleki. Katika mambo tuliyoyaacha, mengine hayana malipo tena.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mzee ambaye, umeme ulipokatika, alituruhusu kusoma kwake, kwa kuwa mwanawe alimwachia taa ya jua. Tulikaa mezani pake usiku mwingi. Alikuwa akisinzia kitini wala hakutuambia tuondoke. Katika juma la mitihani aliugua, akafa, akazikwa. Mama na mdogo wetu walikwenda katika kilio, wakalala huko. Sisi tulipeleka fedha kidogo katika bahasha, tukabaki na daftari. Kesho yake tulikuwa na mtihani, hiyo ni kweli. Lakini kilio kilikuwa hatua thelathini kutoka kwetu, nasi tungeweza kuketi nusu saa. Hatukuketi.

Deni hilo tutamlipa nani? Mwanzoni tulitaka kwenda kwa jamaa yake na maelezo marefu juu ya ratiba ya chuo. Mama alituzuia akasema, "Msiende na ratiba. Nendeni mkakae." Tukaenda, tukakaa. Binti yake alitupa chai. Tulisema tu kwamba tulikosa kuja, na kwamba taa ya mama yake ilituangazia. Hatukuongeza neno. Alilia kidogo, kisha akatuuliza kama tumefaulu.

Tumejifunza hapo kwamba jambo lisilolipika halina dawa ila kukiri. Na kukiri si kujieleza. Anayejieleza anataka aondoke bila kosa. Anayekiri anakubali kubaki nalo. Ni bora mtu abaki na kosa moja alijualo, kuliko kuwa na maelezo kumi mazuri.

Je, mtu asipumzike?

Huenda msomaji aliyechoka atasema: "Basi mwataka mwanafunzi atoke mitihani akaingie utumwa?" La, hasha. Kupumzika ni haki, tena ni wajibu. Yohane Kasiano, mtawa wa zamani, alisimulia hadithi juu ya Mtume Yohane. Siku moja mwindaji alimkuta mtume akimpapasa ndege kwa mkono wake, akashangaa kwamba mtu mkubwa kama yeye anacheza. Mtume akamwuliza kwa nini upinde wake haukukazwa wakati wote. Mwindaji akajibu kwamba upinde ukikazwa daima utapoteza nguvu. Yohane akamwambia kwamba na roho ya mtu ni vivyo hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliitumia hadithi hiyo kufundisha kwamba mchezo wa kiasi ni sehemu ya maisha mema.

Basi lala. Cheza mpira. Kaa ziwani jioni utazame mitumbwi ikitoka kuvua. Lakini ujue mambo mawili. La kwanza, usingizi uliopotea kwa miezi haurudishwi kwa kulala siku moja kutwa. Mwili hurudi katika afya kwa kulala vema kila usiku. La pili, pumziko lako lisiwe mzigo wa mtu mwingine. Kama unapumzika kwa sababu mdogo wako bado anachota maji, hujapumzika. Umebadilisha tu sababu ya kutumikiwa. Zamani sababu ilikuwa mtihani, sasa ni uchovu wa mtihani. Na upinde wake yeye, nani ataulegeza?

Mji wetu unajua kuanza upya

Mtu aliyeacha mambo mengi huogopa kuanza, maana haoni mahali pa kushika. Hapo twaweza kujifunza kwa mji wetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na moto ukapita katikati ya Goma hata ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu kwa maelfu mengi walikimbilia Rwanda. Baada ya siku chache walianza kurudi, mawe yangali ya moto. Na tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka tena, serikali iliamuru mitaa kumi ihame, na Mapendo ulikuwa mmojawapo. Sisi tulikuwa wadogo, twakumbuka godoro kichwani na barabara iliyojaa watu.

Tuliporudi mwezi uliofuata, mama hakuuliza kazi kubwa ni ipi. Alifagia uani. Alitafuta maji. Aliwasha makala. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani amerudi. Maisha ya kila siku yalianza kwa ufagio, bidoni, jiko na salamu, na mengine yakafuata yenyewe, kwa kuwa watu walikwisha kuonana.

Mwanafunzi naye aanze hivyo. Asitengeneze orodha ya mambo hamsini akayafanya kwa juma moja kwa nguvu, kisha akaanguka na kuacha yote. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeona njia hii yafaa.

Kwanza, kabla ya kufanya jambo, uliza nani alilifanya ulipokuwa hupo. Kaa na mama jikoni umwulize mwaka ulikwendaje, nawe usimkatize. Utasikia mambo ambayo hukuyajua ingawa ulilala nyumba hiyo hiyo.

Pili, chagua kazi moja uishike mpaka iwe yako, hata nyumba isahau kwamba iliwahi kuwa ya mwingine.

Tatu, usimpe mtu malipo uliyoyachagua wewe. Hili tulijifunza kwa aibu. Tulikuwa tumebakiwa na fedha kidogo, tukamnunulia mdogo wetu viatu vizuri. Alivipokea kwa adabu, akavijaribu, akashukuru. Kisha akasema polepole, "Yaya, mimi nilifikiri mtanisaidia hesabu." Viatu vilikuwa rahisi kwetu: siku moja sokoni, na deni limekwisha. Yeye alitaka kile alichotupa, yaani saa zetu.

Nne, usingojee mwaka mpya uharibu yote. Masomo yataanza tena, na neno lile "nikimaliza mitihani" litarudi mdomoni. Chagua sasa jambo moja ambalo hutaliacha hata katika sesio. Liwe dogo, ili uweze kulishika siku mbaya. Sisi tumekubaliana juu ya bidoni moja ya alfajiri kwa kila mmoja wetu. Ndizo mbili kati ya tatu. Ya tatu mama ameomba aachiwe mdogo wetu, asije naye akajifunza kutumikiwa. Tumeona mama ana hekima kuliko silabusi zetu.

Sasa kila jioni, baada ya chakula, twaketi watatu mezani na daftari la hesabu. Tumeanza na sehemu na kugawanya, maana ndipo alipokwama. Hatujui kama shule ile itampokea mwaka ujao. Alama za darasa la sita hazifutiki, nasi hatumwambii kwamba zitafutika. Jana alikosea hesabu moja mara tatu, akataka kutupa kalamu. Tukamwambia angoje, tukaianza upya kutoka mstari wa kwanza. Taa ilipozimika alikuwa amepata jibu, nayo maji ya kesho yalikuwa yamekwisha kuchotwa.